Mama Prezida na Goli la Banza

Kolwezi nzima ilimwita Mama Prezida, ingawa hakuna mtu aliyewahi kumpigia kura. Enzi hizo nchi ilikuwa bado inaitwa Zaire. Mwenyekiti wa mashabiki wa timu yetu alikuwa fundi mmoja wa reli, na alipohamishiwa Likasi tulikutana nyuma ya baa moja ya mtaa wa Manika, wanaume peke yetu, ili tumchague mwingine. Tulibishana tangu asubuhi. Huyu hafai kwa sababu hulewa kabla ya mechi, yule mke wake hamruhusu kusafiri, yule mwingine anasema sana na hakuna anayemsikiliza. Mama huyu alikuwa ametuletea munkoyo, kinywaji chetu cha unga wa mahindi na mizizi, akawa anangoja tumalize ili achukue ndoo yake. Jua lilipoanza kushuka, akachoka kungoja. Akasimama, akaigonga ndoo kwa kata.

"Bon," akasema. "Siku ya Mungu tunacheza na batu ya Kamina. Wote muvae kijani. Ngoma zifike uwanjani mbele ya bachezaji. Mwenye kulewa abakie kwake. Kuko mwenye iko na swali?"

Hakukuwa na swali. Alijitwisha ndoo akaenda zake, nasi tukatazamana na kuelewa kwamba mkutano umekwisha.

Mimi nilikuwa fundi umeme kijana, bado sijaoa, na kazi yangu ya Jumapili ilikuwa kupiga ngoma kubwa. Ngoma ndogo ilikuwa ya rafiki yangu Kabwe. Tulikaa ubavuni pa Mama Prezida kila mechi kwa miaka mingi, kwa hiyo nilimjua jinsi mpiga ngoma anavyomjua mwimbishaji wake, yaani kwa mabega. Bega la kushoto likipanda kidogo, wimbo unakuja. Yakipanda yote mawili, jiandae, leo utarudi nyumbani viganja vimevimba.

Alikuwa mfupi, mpana, mwepesi wa kutembea kuliko ulivyotazamia. Sauti yake haikuwa nzuri kwa maana ya watu wa redio. Ilikuwa na mchanga ndani yake. Lakini ilifika. Sokoni Manika, aliposema bei ya munkoyo upande wa wauza samaki, wauza vitenge upande wa pili waliijua bei hiyo. Nyimbo za timu alizitunga mwenyewe, pale pale sokoni, huku akiosha chupa, na ukipita karibu yake katikati ya wiki ungeweza kumsikia akijaribu jina la mshambuliaji wetu kwa tuni hii na ile, kama mtu anayepima kikwembe kiunoni mbele ya kioo.

Sheria yake kubwa ilikuwa moja: mama ya mtu hatukanwi. Unaweza kumwambia mchezaji wa upande wa pili kwamba anakimbia kama bata, unaweza kumwambia arudi kwao akalime mihogo, lakini mama yake muache. Siku moja ugenini Likasi shabiki wetu mmoja, mwanamume mzima mwenye watoto, aliropoka neno juu ya mama wa golikipa wao. Mama Prezida aliinua mkono. Ngoma zikakatika. Mechi ilikuwa inaendelea, na sisi tukiwa nyuma kwa goli moja.

"Weye," alimwambia. "Kwenda kule kwabo, uombe musamaha."

"Mama, kule? Katikati yabo? Batanipiga!"

"Bakupige basi. Sisi tutangoja."

Na kweli tulingoja, kimya, huku timu yetu ikicheza bila wimbo. Yule bwana alizunguka uwanja mzima akiwa na jezi yake ya kijani, akaingia katikati ya watu wa Likasi, na kwa mbali tulimwona ameinamisha kichwa. Alirudi na sigara mdomoni. Walimpa wao. Alipokaa tu, mabega ya Mama Prezida yakapanda yote mawili.

Usidhani kwa hiyo kwamba alikuwa mtu wa upole. Mwamuzi aliyetunyima penati ya wazi, Mama Prezida alimfuata hadi kwenye mlango wa gari, hakumtukana, aliuliza tu kwa sauti ile ya sokoni kama mama yake anajua kazi anayoifanya mtoto wake. Yule mwamuzi alifunga kioo cha gari. Tulipomkumbusha sheria yake alisema yeye hakutukana, aliuliza habari za familia. Kusifu pia hakukuwa kazi yake. Mke wa Kabwe alipojifungua mtoto wa kwanza, Mama Prezida alifika hospitalini na sufuria ya uji, akambeba mtoto, akamtazama sana, akamwambia Kabwe: "Muzuri. Ngoma iko wapi? Mbona umeiacha kwa mvua?"

Lakini jambo lililowashangaza wageni kuliko yote lilikuwa mume wake. Alikuwa karani mpole, mrefu, mwenye miwani, aliyekuja Kolwezi kwa kazi akitokea Lubumbashi, na aliishabikia timu kubwa ya huko kwa moyo wote. Hakuificha. Sisi tulimwita Tata Mupinzani, yaani Baba Mpinzani, naye aliitika. Kila mara timu zetu zilipokutana, Mama Prezida alimpikia chai asubuhi kama siku zote, akamwekea mkate, kisha wakatoka kila mmoja kwa njia yake, mama kwa miguu na kundi letu, tata juu ya baiskeli yake na skafu ya watu wa Lubumbashi shingoni. Nilimuuliza Mama Prezida siku moja jinsi wanavyoishi.

"Tunaishi muzuri," alisema. "Ye anashindaka, mi namupikia. Anashindaka tena, mi namupikia tena. Mi nangoja tu siku yangu."

Maana yake ni kwamba tulikuwa hatujawahi kuchukua ubingwa wa mkoa. Hata mara moja. Lubumbashi walikuwa wakiuchukua kila msimu kama mtu anayechukua kofia yake msumarini. Sisi tulikuwa watu wa shaba, tulitoa mali chini ya ardhi, tukaipakia kwenye mabehewa, ikaondoka. Na kombe nalo likaondoka kwa reli ile ile. Ndipo ukaja msimu ule ambao hatukupoteza mechi hata moja nyumbani, na kabla ya mechi ya mwisho tukawa nyuma yao kwa pointi moja tu. Mechi ya mwisho ilikuwa kati yetu na wao, kwetu Kolwezi. Wao walihitaji sare. Sisi tulihitaji kushinda.

Hapo ndipo kanisa lilipomkaba.

Sijasema bado kwamba Mama Prezida alikuwa pia mwimbishaji wa kwaya ya akina mama katika kanisa letu la Kiprotestanti. Wazee wa kanisa walikuwa wakinung'unika kwa muda mrefu kwamba sauti inayomsifu Mungu asubuhi haipaswi kukauka kwa ajili ya mpira jioni. Msimu ule sikukuu ya mavuno ilipangwa Jumapili ile ile, mchana ule ule. Walimwita. Mchungaji wetu, tuliyemwita Pasteur kama wachungaji wote wa huku, alikuwa mtu mwema, mwembamba, mwenye kuogopa ugomvi, na wazee walimsukuma yeye aseme.

Maneno waliyoambiana nilisimuliwa na Mama Prezida mwenyewe.

"Mama," alisema Pasteur, "batu banauliza. Uko wa kanisa ao uko wa uwanja?"

"Pasteur, niko wa zote mbili. Hata weye unajua."

"Siku ya mavuno hauwezi kuwa fasi mbili. Utachagua. Na ukichagua uwanja, kazi ya kwaya tutapatia mama mwingine."

Kisha akajibu: "Kwa kwaya kuko bamama bengi banajua kuimbisha. Kwa uwanja kuko paka mi, mi peke yangu."

Ijumaa nilikutana naye njiani akienda kanisani, amebeba joho lake la kwaya juu ya mikono miwili, limefuliwa, limepigwa pasi, kama mtu anayebeba mtoto aliyelala. Nilimsalimu. Hakuitika. Jioni sokoni alikuwa akiosha chupa kwa nguvu mpaka moja ikavunjika mkononi mwake, na hakuimba kitu. Mimi na Kabwe tuliambiana kwamba tukishindwa Jumapili, mama huyu atakuwa amepoteza vyote kwa mara moja, na sisi ndio tuliomtaka uwanjani.

Jumapili ilikuja na upepo wa kiangazi. Wanaoijua Kolwezi wanaujua upepo huo: asubuhi baridi inakukata masikio, mchana vumbi jekundu linainuka kutoka machimboni na kukaa kwenye meno. Uwanja ulijaa mapema. Watu walikuja na malori kutoka kambi za wafanyakazi, wengine na treni kutoka Mutshatsha na magunia ya mahindi ya kuchoma. Upande wa pili, chini ya skafu zao, walikaa watu wa Lubumbashi wametulia kabisa, na kati yao nilimwona Tata Mupinzani akifuta miwani yake.

Sasa nimtambulishe Banza. Alikuwa beki wetu wa kushoto, kijana mwembamba wa Mutshatsha, mtoto wa mama mjane aliyeuza makaa, mtu wa aibu kiasi kwamba alipopewa mpira alionekana kama anataka kuomba ruhusa. Kila mchezaji wetu alikuwa na wimbo wake. Banza peke yake hakuwa nao. Mama Prezida alikuwa amejaribu, jina halikumkaa mdomoni.

Goli lao la kwanza lilikuja mapema. Mpira mrefu ulipigwa, Banza akaruka kuukuta, upepo ukaubeba juu ya kichwa chake na winga wao akabaki peke yake na golikipa. La pili lilikuwa baya zaidi. Banza alitaka kurudisha mpira kwa golikipa, akaugonga nusu nusu, mshambuliaji wao akautangulia. Mbili bila. Uwanja mzima ulimgeukia yule kijana. "Toka! Banza, toka! Rudia kwa makaa!" Nasema uwanja mzima, na mimi nilikuwa ndani ya uwanja huo, na koo langu lilikuwa moja ya makoo hayo.

Mapumziko yalipofika watu walianza kuondoka. Kwanza mmoja mmoja, wakisema wana watoto nyumbani, wana wagonjwa, wana treni. Kisha makundi. Kutoka upande wetu kulikuwa na mlango mmoja mwembamba wa mabati, na ghafla msongamano ukasimama pale. Mimi na Kabwe tulisukuma kwenda kuona. Mama Prezida alikuwa ameweka kiti chake cha mbao katikati ya mlango, naye amekikalia, miguu ameinyoosha, kikwembe amekitandaza magotini.

"Mama, tupishe," mtu mmoja mkubwa akasema.

"Pita."

"Mama, nitapita wapi?"

"Juu yangu. Kama kwenu kuko mama, sijue utapita namna gani. Lakini pita."

Hakuna aliyepita. Nyuma watu walisukuma, mbele watu walijizuia wasimwangukie. Ndipo akasimama, na nilivyomwona hivyo na vumbi kwenye nyusi zake, nikajua hatanii.

"Munaenda wapi?" aliuliza. "Kule inje kuko nini? Mi juzi nilirudishaka joho yangu kwa kanisa juu yenu. Juu yenu! Na ninyi munaniachia hapa? Ule mutoto alikosea na mguu. Kukosea ndjo kazi ya mguu. Ninyi munakosea na kinywa, na kinywa muko nayo karibu ya akili. Mama yake iko mu uwanja, munajua? Alikuyaka na treni. Anawasikia."

Watu wakaangalia chini. Mtu mkubwa yule akavua kofia. Kisha bega la kushoto la Mama Prezida likapanda, Kabwe akakimbilia ngoma, nami nikamfuata, na pale pale mlangoni alianza wimbo ambao hakuna mtu aliyekuwa amewahi kuusikia, kwa sababu ulikuwa unazaliwa:

"Mama ya Banza, mutoto iko kwa kazi.
Mama ya Banza, tutamurudisha kwako."

Ulikuwa mwepesi, kila mtu aliushika mara ya pili. Tulirudi sote ndani tukiuimba. Baadaye Banza mwenyewe alituambia kwamba wakati ule alikuwa chumbani mwa wachezaji, ameshavua viatu, amemwomba mwalimu wa timu amtoe. Mwalimu alikuwa hajajibu. Wakasikia wimbo kupitia madirisha. Golikipa akauliza, "Banaimba jina ya nani?" Wakasikiliza wote. Banza akainama, akaanza kuvaa viatu.

Kipindi cha pili Mama Prezida alipanda juu ya kiti kile mbele yetu na hakushuka. Sijawahi kupiga ngoma namna ile, si kabla wala baada. Goli la kwanza lilikuwa la kona, mshambuliaji wetu mrefu akaruka juu ya wote na kuupiga kwa kichwa. La pili lilikuwa zawadi ya upepo ule ule uliotuumiza: krosi yetu ilipinda hewani, ikamgonga beki wao gotini, ikaingia. Mbili kwa mbili. Wao wakaanza kupoteza muda. Kila aliyeguswa alilala chini. Sare ilikuwa yao, kombe lilikuwa lao, na mwamuzi alikuwa ameshaanza kutazama saa.

Ndipo Banza alipoiacha nafasi yake. Tulirusha mpira kutoka pembeni, akaupokea, na badala ya kuurudisha nyuma kama kawaida yake, akaanza kukimbia nao. Mwalimu wa timu alipiga kelele, "Rudia! Banza, rudia!" Hakurudi. Akampa mwenzake, akapewa tena, akampita mmoja, akateleza kwenye vumbi, na akiwa anaanguka, karibu amekaa chini, akaupiga. Mpira uligonga mwamba wa pembeni kwa ndani. Nilisikia ule mlio, pamoja na kelele zote, naapa nilisikia. Kisha wavu.

Sikumbuki kipenga cha mwisho. Nakumbuka kwamba nilikuwa nimemkumbatia yule bwana mkubwa wa mlangoni na sote wawili tulikuwa tunalia. Nakumbuka mama yake Banza, mwanamke mdogo mwenye mikono myeusi ya makaa, akibebwa juu ya mabega na watu wale wale waliokuwa wamemwambia mwanawe arudi kwa makaa, na yeye akiwapiga vichwani kwa furaha au kwa hasira, hatukujua, na walistahili vyote viwili.

Tulitoka uwanjani na kombe, mji mzima nyuma yetu, kuelekea Manika. Njia ilipita mbele ya kanisa letu. Milango ilikuwa wazi, sikukuu ya mavuno haijaisha, na tulipokaribia Mama Prezida aliinua mkono. Ngoma zikanyamaza.

"Hapa tunapita polepole," alisema. "Batu banasali."

Sijaona kitu kama kile maishani mwangu. Mji ulioshinda kombe lake la kwanza, maelfu ya watu wenye vumbi kichwani mpaka miguuni, wakipita mbele ya kanisa kwa vidole vya miguu, wamefungana midomo kwa mikono, wengine wakitetemeka kwa kuzuia kicheko. Zilisikika nyayo tu. Tulikuwa karibu kumaliza kupita Pasteur alipotokea mlangoni. Alitutazama. Akamtazama Mama Prezida aliyekuwa mbele na kiti chake kichwani.

"Mama," aliuliza kwa sauti ndogo. "Ngapi?"

"Tatu kwa mbili, Pasteur."

"Siye?"

"Siye."

Pasteur aligeuka akatazama wazee waliokuwa nyuma yake. Kisha huyu mtu mwenye kuogopa ugomvi akainua mikono yote miwili juu, akapiga kelele ambayo sijui ilikuwa imejificha wapi ndani ya kifua kile chembamba, na kanisa zima likamwagika nje. Mama wa kwaya walikuja wakikimbia na majoho yao, wameshika maboga na mikungu ya ndizi ya mavuno, na mmoja wao alikuwa amebeba mkononi joho lililokunjwa, akamvisha Mama Prezida pale pale barabarani, juu ya jezi ya kijani. Hakuna mtu wa kanisa aliyezungumza tena juu ya kuchagua.

Alipofika nyumbani alikuta mume wake amepika. Karani yule, ambaye hakuwahi kushika mwiko, alikuwa amesonga bukari, ugali wetu, imejaa madonge, na sombe, yale majani ya mihogo, ameichemsha bila chumvi. Alimwekea mezani, akakaa mbele yake. Mama Prezida aliimaliza yote. Alituambia hajawahi kula chakula kibaya kitamu kama kile.

Mambo mengi yamepita tangu hapo. Timu ilipanda, ikashuka, ikavunjika. Kambi nyingi tulizokaa hazipo. Malori ya madini yanapita siku nzima kutoka machimbo ya Mashamba na kwingineko, na vijana waliokuja kutoka pande zote za Kongo kuchimba wanapita mjini bila kujua nani alikuwa nani. Lakini wazee tuliobaki, tukikutana, hatuulizani kwanza habari za afya. Tunabishana juu ya goli. Wengine wanasema Banza alipiga kwa mguu wa kulia, wengine kwa wa kushoto. Wengine wanasema alitaka kutoa krosi. Tata Mupinzani, na yeye yuko hai, amezeeka na kuwa mwembamba kama ufagio, anasema miaka yote kwamba mpira ulikuwa umeshatoka nje ya mstari kabla Banza hajaupiga, na kwamba yeye alikuwa amekaa sambamba na mstari huo. Banza ukimuuliza anasema, "Mi pia sijue. Nilikuwa naanguka."

Kiangazi hiki nilikwenda Kolwezi kwa ndoa ya mtoto wa ndugu yangu. Naishi Mutshatsha siku hizi, jirani na Banza, anayelima mahindi, kwa hiyo tulisafiri pamoja. Jumapili baada ya ibada Kabwe alitukusanya kwa Mama Prezida, Manika, ndani ya ua wao mdogo wa matofali. Banza alishuka kwenye pikipiki ya teksi-moto akishika goti. Mama Prezida alikuwa amekonda. Nywele nyeupe, fimbo mkononi, na ile sauti imepungua hata ikabidi tusogeze viti ili tumsikie. Lakini munkoyo alikuwa ametengeneza mwenyewe.

Kama kawaida ubishi ukaanza. Mguu wa kulia. Hapana, wa kushoto. Tata Mupinzani akasema habari ya mstari wake. Kabwe, ambaye alikuwa amesimama sasa na kupiga meza, akasema: "Tuulize Mama Prezida. Yeye alikuwa juu ya kiti, karibu kuliko siye wote. Mama, sema. Mguu gani?"

Yeye alikuwa akimimina munkoyo. Alimaliza kikombe kile kwanza.

"Mi sikuonaka," alisema.

"Hukuona mguu?"

"Sikuonaka goli."

Tulidhani uzee. Kabwe alisema kwa upole, "Mama, ulikuwa pale."

"Nilikuwa pale, ni kweli. Lakini nilikuwa naangalia ninyi. Mwenye kuimbisha anaangaliaka bale banaimba. Kama mi nageuka, ninyi munanyamaza. Goli zote tatu, mi niliona sura zenu tu. Weye, Kabwe, kinywa ilifunguka, ngoma ikakuanguka. Ndjo nilijua kama iliingia."

Niliwaza miaka ile yote, mechi zile zote. Sisi tuliona mpira. Yeye alikuwa ametuona sisi.

"Na juu ya nini haukutuambiaka?" niliuliza.

"Hamukuulizaka." Akacheka kidogo. "Na mulikuwa munasimulia muzuri."

Banza aliweka kikombe chake chini. Akasimama, goti likalia. "Mama," alisema, "geuza ile kiti. Angalia huku."

Mpira tuliupata kwa jirani, umepungua upepo. Ndoo mbili zikawa milingoti, mbele ya ukuta. Mimi nikapewa kurusha kutoka pembeni, Kabwe akawa yule mwenzake wa kumpa na kurudishiwa. Wazee wengine wawili wakakubali kuwa mabeki wa Lubumbashi, kwa kunung'unika. Golikipa hakuwepo. Tulitazamana, kisha tukamtazama Tata Mupinzani.

"Hapana," alisema. "Mi siingie mu ile mambo."

Mke wake alimtazama tu. Yule mzee akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akaenda kusimama kati ya ndoo, mikono ameipanua.

Nikarusha. Banza akaupokea kwa paja, akaanza kukimbia, kama unaweza kuita ule ni kukimbia. Mtu mmoja nyuma alipaza sauti, "Rudia! Banza, rudia!" Akampa Kabwe, Kabwe akarudisha vibaya, ikabidi tungoje mpira urudi kutoka kwenye mboga. Akampita mzee wa kwanza, ambaye alikuwa amesimama. Hapo alitakiwa ateleze, na nadhani alikusudia kuteleza kidogo, lakini goti lilikataa na akaanguka kweli, akakaa chini mzima mzima, na akiwa amekaa hivyo akaupiga.

Usiniulize kwa mguu gani. Nilikuwa namtazama Mama Prezida.

Nilichokiona kwa pembe ya jicho ni mpira ukienda polepole sana, mpira wa kuokota, ambao mtu yeyote angeusimamisha kwa unyayo, ukielekea mguuni pa Tata Mupinzani. Alikuwa na muda wote wa dunia. Aliutazama ukija. Kisha, huku akishika ukuta ili asianguke, akainua mguu wake juu, akauacha upite chini.

Mama Prezida alikuwa amesimama. Fimbo ilikuwa chini. Mikono yote miwili ilikuwa juu, na kelele iliyotoka ndani ya mwili ule mdogo ilikuwa ile ile ya sokoni, yenye mchanga wake wote, ikapita ukuta, ikapita barabara na malori yake. Majirani walitokea juu ya ukuta mmoja baada ya mwingine, vijana wa machimboni, mama wenye watoto mgongoni, wakiona wazee wameketi chini kwenye vumbi wakikumbatiana.

"Mama, kuko nini?" mmoja akauliza. "Nani ameshinda?"

"Siye!" alisema. "Siye tumeshinda!"